Makomandoo na deni la Rufiji

Historia ya vikosi maalumu vya vita huandikwa kwa majina ya makamanda wake. Katika delta ya Rufiji, mwaka 1915, ushindi uliwategemea watu waliojua maji yanapokupwa na yanapojaa. Majina yao hayakuandikwa.

Alfajiri ya Septemba 20, 1914, manowari ya Kijerumani Königsberg ilitokea mbele ya bandari ya Zanzibar na kuishambulia Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyokuwa imetia nanga ikitengenezwa mitambo. Mapigano yalikuwa mafupi. Pegasus ilizama, mabaharia zaidi ya 30 wakapoteza maisha, na makaburi ya baadhi yao yapo mpaka leo katika kisiwa cha Chapwani. Königsberg ikageuza, ikatoweka.

Ilikuwa imeingia Rufiji. Mtambo wake ulikuwa mbovu, makaa ya mawe yalikuwa yakiisha, na nahodha Max Looff alihitaji mahali pa kuificha meli yenye urefu wa mita 115. Pwani nzima ya Tanganyika haikuwa na mahali bora kuliko delta. Mto unapokaribia bahari hugawanyika mikondo: Simba Uranga, Kikunya, Suninga, Kiomboni na mingine midogo isiyohesabika, na kati ya mikondo hiyo umejaa msitu wa mikoko ambao hakuna unaoushinda kwa ukubwa Afrika Mashariki. Mkandaa, msinzi, mchu na mkomafi hufunga macho ya mtu wa baharini. Aliye nje haoni ndani, na aliyeingia bila mwenyeji hajui maji yatamwacha wapi.

Waingereza walihitaji karibu miezi kumi kuimaliza meli hiyo. Katika miezi hiyo pande zote mbili zililazimika kubuni namna ya kupigana ambayo vyuo vyao vya kijeshi havikuwa vimewafundisha: vikosi vidogo, upelelezi wa kujifanya mtu mwingine, ndege za kuongoza mizinga, mashua zilizoundwa kwa maji mafupi. Dunia baadaye ikaviita vikosi vya namna hiyo vikosi maalumu. Mtu wa Mbwara, wa Salale au wa Nyamisati ana haki ya kujua kwamba sehemu ya historia hiyo ilitokea kwao, na ana haki ya kuuliza nani aliilipia.

Nchi iliyokuwa bado na majeraha

Vita hivyo havikuikuta nchi tulivu. Miaka tisa tu kabla yake, Agosti 4, 1905, Wajerumani walimnyonga Kinjikitile Ngwale pale Mohoro, siku chache baada ya Wamatumbi kuanza kupigana katika vita vya Maji Maji. Ukitoka ng'ambo ya kusini ya mto, upande wa Mbwara, na kuendelea kusini, unapanda katika vilima vya Umatumbi, ambako mashamba ya pamba ya kulazimishwa yaliwasha moto ule. Adhabu ya Wajerumani ilikuwa kuchoma vijiji na vyakula, na njaa iliyofuata iliua kuliko risasi.

Kwa hiyo Königsberg ilipoingia mtoni, wazee wa vijiji waliokuwa wakipokea amri za akida na jumbe walikuwa wanaijua serikali iliyowatuma. Walikata kuni za kuendeshea mitambo ya meli, wakabeba vyakula, wakabeba vipuri. Sehemu za mtambo ulioharibika zilivutwa nchi kavu hadi karakana za Dar es Salaam, zikatengenezwa, zikarudishwa delta. Njia ile ilikuwa ya vinamasi na mchanga, na nguvu iliyotumika ilikuwa ya mikono na mabega ya watu. Hakuna aliyewauliza kama vita ni vyao.

Kikosi cha delta

Oktoba 30, 1914, manowari ya Kiingereza Chatham iligundua milingoti ya Königsberg juu ya miti. Haikuweza kuifikia. Novemba 10 Waingereza walizamisha meli kuukuu ya mizigo, Newbridge, katika mkondo wa Suninga ili kuziba njia ya kutokea, lakini mikondo mingine ilibaki wazi. Rubani wa kiraia, H. D. Cutler, aliletwa na ndege yake ya kutua majini, akairusha kutoka kisiwa cha Nyororo. Aliiona meli, lakini Desemba ndege yake iliharibika, akashuka katika delta na kukamatwa.

Wajerumani nao walikuwa wameunda kikosi cha kulinda midomo ya mto. Kiliitwa Kikosi cha Delta, na kamanda wake alikuwa Werner Schönfeld, ofisa mstaafu wa jeshi la majini aliyekuwa amehamia nchini na kuwa mkulima. Chini yake walikuwepo mabaharia wa Königsberg, walowezi waliojitolea na askari Waafrika. Walishusha mizinga midogo kutoka melini, wakachimba mahandaki kando ya mikondo, wakaweka bunduki za rashasha kwenye kona ambazo mashua isingeweza kuzikwepa, wakatandaza nyaya za simu ndani ya mikoko na kujenga vilindo juu ya miti. Kila mashua ya Kiingereza iliyojaribu kuingia ilipigwa risasi kutoka mahali ambapo mabaharia hawakuona mtu.

Hapa ndipo ilipo siri ya kikosi maalumu cha aina yoyote. Kikosi cha Schönfeld kilikuwa kidogo, na silaha zake zilikuwa hafifu zikilinganishwa na manowari zilizokuwa zikisubiri nje. Nguvu yake ilikuwa kujua mahali: wapi pana ardhi ngumu ya kusimamisha mzinga, wapi maji ya bamvua yatafurika handaki, njia ipi ya miguu inaunganisha kituo na kituo. Ofisa wa Kijerumani hakuzaliwa na maarifa hayo. Aliyapata kwa wavuvi na wakata boriti waliokuwa wakiuza miti ya mikoko kwa majahazi ya Arabuni tangu enzi za mababu zao.

Mtu aliyejivika kanzu

Waingereza walijifunza somo hilohilo kwa kuchelewa. Admirali Herbert King-Hall alimtafuta Piet Pretorius, mwindaji wa tembo kutoka Afrika Kusini aliyekuwa ameishi Rufiji kwa miaka na aliyekuwa na kinyongo na Wajerumani kwa sababu walimnyang'anya shamba. Kituo chake kikawa Mafia, kisiwa ambacho Waingereza walikiteka Januari 1915.

Katika kumbukumbu zake, Jungle Man, zilizochapishwa baada ya kifo chake, Pretorius anasimulia jinsi alivyoingia delta usiku na kundi dogo la Waafrika, akawakamata wenyeji na kuwalazimisha wamwongoze hadi mahali pa kuiona meli. Anasema alijivika kama mfanyabiashara wa Kiarabu ili aikaribie zaidi. Kisha akafanya kazi iliyokuwa na thamani kuliko ujasiri wote huo: alipima kina cha mikondo na kufuatilia kupwa na kujaa kwa maji, siku baada ya siku, mpaka akajua mkondo upi utapitisha mashua ya vita na kwa saa ngapi.

Pretorius alitunukiwa nishani ya DSO, na baadaye akawa mpelelezi mkuu wa Jenerali Jan Smuts. Alikuwa shujaa kweli, na hakuna sababu ya kumpunguzia. Lakini isome hesabu yake upya. Waliopiga kasia usiku ule walikuwa Waafrika. Walioonyesha njia walikuwa watu wa delta, tena kwa kulazimishwa, wakijua kwamba Wajerumani wakiwagundua wangewaua kwa usaliti. Upelelezi unaosifiwa kama kazi ya mtu mmoja ulikuwa kazi ya kundi, na walioweka rehani shingo zao kuliko wote hawakupata nishani, posho wala mstari mmoja wenye jina.

Julai 1915

Waingereza walileta kutoka Malta, zikikokotwa kupitia Suez, mashua mbili za mizinga: Severn na Mersey. Zilijengwa Uingereza kwa ajili ya mito ya Brazili, na zilihitaji maji yasiyofika mita mbili, wakati Königsberg ilihitaji zaidi ya mita tano. Zilifika Mafia mapema Juni. Kisiwani pia ulitengenezwa uwanja wa ndege.

Julai 6 zikaingia mkondo wa Kikunya huku Kikosi cha Delta kikizimiminia risasi kutoka kingo zote mbili. Königsberg, ambayo haikuonekana kwa sababu ya msitu, ilifyatua kwa usahihi wa kutisha na kuipiga Mersey, ikaua mabaharia wake. Baadaye mabaharia wa Severn wakaona kilindo juu ya mti, kikiwa na watu waliokuwa wakielekeza mizinga ya Königsberg kwa simu. Wakakifyatulia. Kuanzia hapo makombora ya Wajerumani yakaanza kupotea njia. Hata hivyo siku hiyo Waingereza walirudi bila ushindi.

Julai 11 wakarudi tena. Safari hii rubani John Cull na mwenzake H. J. Arnold walizunguka juu ya meli wakituma kwa redio taarifa za kila kombora lilipoangukia. Ndege yao ikapigwa. Walipokuwa wakishuka, Arnold aliendelea kutuma taarifa kwamba makombora yanalenga sawasawa, na maelekezo hayo ya mwisho ndiyo yaliyoimaliza Königsberg. Wote wawili walianguka mtoni wakaokolewa. Looff, akiwa majeruhi na meli yake ikiwaka, aliamuru ilipuliwe kwa torpedo yake yenyewe. Wajerumani 19 walikufa siku hiyo.

Ndege, redio, mashua ndogo, mpelelezi na kikosi cha kuvizia vilikutana mahali pamoja, mwaka 1915, kwenye mikoko ya Rufiji. Majeshi ya leo yanayojivunia kuunganisha anga, maji na nchi kavu katika operesheni moja yanafanya kwa vifaa bora kile kilichojaribiwa hapo.

Mizinga ikapanda nchi kavu

Meli ilikufa, mizinga yake haikufa. Wajerumani waliitoa mtoni yote 10, ikapelekwa Dar es Salaam kutengenezwa na kuundiwa magurudumu. Paul von Lettow-Vorbeck, kamanda wa jeshi lao, akaisambaza katika vita vyake vya kuvizia na kurudi nyuma. Mmoja uliwekwa kwenye meli Graf von Götzen katika Ziwa Tanganyika, meli ambayo Watanzania wanaijua kwa jina la Liemba. Mwingine ulitumika Kibata, katika vilima vya Umatumbi, mwishoni mwa mwaka 1916, katika nchi ileile iliyochomwa wakati wa Maji Maji. Angalau mizinga miwili kati ya hiyo bado inaonekana: mmoja Pretoria, mwingine Mombasa.

Mzinga wa meli haujengwi kukokotwa porini. Mamia ya wapagazi walifungwa kamba, wakauvuta kwenye tope, mchanga na milima. Vita vya Lettow-Vorbeck vilisomwa na maofisa wa nchi nyingi kama mfano wa kikosi kidogo kinachosumbua majeshi makubwa; alijisalimisha Novemba 25, 1918 huko Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia, akiwa hajashindwa katika pigano la mwisho. Sifa hizo husahau kwamba jeshi lake lilikuwa la askari Waafrika kwa sehemu kubwa, na kwamba liliishi kwa chakula cha wanavijiji. Mapema mwaka 1917, mvua kubwa zilipofurisha Rufiji, majeshi ya pande zote mbili yalikaa kandokando ya mto yakila mavuno ya watu waliokuwa wenyewe na njaa. Katika vita vyote vya Afrika Mashariki, wapagazi wa upande wa Waingereza peke yao waliokufa wanakaribia au kupita 100,000, wengi wao kwa maradhi na njaa.

Kutoka kwa Makaburu hadi makomandoo

Smuts aliyemfukuza Lettow-Vorbeck alikuwa mwenyewe amewahi kuongoza kikosi cha kuvizia. Katika vita vya Makaburu na Waingereza, 1899 hadi 1902, wakulima wa Kikaburu waliopanda farasi walipigana katika vikundi vilivyoitwa kommando. Juni 1940, baada ya Uingereza kufukuzwa Ufaransa, Luteni Kanali Dudley Clarke, aliyezaliwa Afrika Kusini, alipendekeza kuundwa vikosi vidogo vya kushambulia pwani zilizotekwa na Wajerumani, na akavipa jina hilo. Mwaka huohuo Ralph Bagnold aliunda Misri kikosi cha upelelezi cha masafa marefu jangwani, na mwaka 1941 David Stirling akaanzisha kikosi cha Kiingereza cha SAS. Vikosi vingi vya aina hiyo duniani leo vinajihesabu kuwa wajukuu wa vikosi hivyo.

Bagnold alikuwa ametembea jangwani kwa miaka kabla ya vita, na kikosi chake kilishinda kwa sababu kilijua mchanga upi unabeba gari na upi unalimeza. Ni elimu ileile ya Rufiji, ikiwa imehamia kwenye ardhi nyingine. Silaha hubadilika, mafunzo huwa makali zaidi, lakini kikosi maalumu kisichowajua wenyeji wala nchi yao ni watu wachache tu walio mbali na kwao.

Kaburi la Beho Beho na jina lililotumika vibaya

Urithi huu una upande wa giza, nao pia unapita Rufiji. Januari 4, 1917, mwindaji maarufu wa Kiingereza Frederick Selous, akiwa na umri wa miaka 65, aliuawa kwa risasi Beho Beho akipigana katika kikosi cha 25 cha Royal Fusiliers, kilichokusanya wawindaji na wasafiri wa kila namna. Amezikwa hapohapo. Mwaka 1922 pori la akiba lilipewa jina lake. Mwaka 2019 sehemu yake kubwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

Mwaka 1973 serikali ya walowezi wa Rhodesia iliunda kikosi maalumu, ikakipa jina la mtu huyo: Selous Scouts. Kazi yake ilikuwa kujifanya wapigania uhuru, kuingia vijijini, kupata imani ya watu, kisha kuitumia kuwasaka na kuwaua wapiganaji wenyewe. Agosti 1976 askari wake waliovaa sare za jeshi la Msumbiji waliingia kambi ya Nyadzonya na kuua mamia ya watu. Hao walikuwa ndugu wa wapiganaji ambao Tanzania iliwapa hifadhi na mafunzo. Kikosi kilivunjwa Zimbabwe ilipopata uhuru mwaka 1980.

Njia ya Pretorius, ya kuvaa mavazi ya mwingine na kutumia imani ya mwenyeji, ilifika hapo. Mbinu ikishatengana na heshima kwa watu wa mahali, hakuna kinachoizuia kuwageukia watu haohao.

Makomandoo Dar es Salaam

Tanzania nayo iliwaona makomandoo mlangoni kwake. Januari 20, 1964, askari wa Tanganyika Rifles waliasi katika kambi ya Colito, Dar es Salaam. Baada ya siku chache, Serikali ya Mwalimu Nyerere ililazimika kuomba msaada wa Uingereza, na Januari 25 askari wa 45 Commando walishuka kwa helikopta kutoka manowari Centaur na kuyazima maasi kwa muda mfupi. Nchi iliokolewa, lakini Mwalimu hakuficha uchungu wa taifa huru kuokolewa na mkoloni wa jana. Jeshi la zamani likavunjwa, na Septemba 1, 1964, Jeshi la Wananchi wa Tanzania (JWTZ) likazaliwa.

Jina hilo lilikuwa jibu. Wazo lilikuwa kwamba ulinzi wa nchi utasimama juu ya wananchi, kwamba askari na mwanakijiji ni upande mmoja. Leo JWTZ ina makomandoo wake, na Watanzania hushangilia maonyesho yao katika sherehe za kitaifa. Wana haki ya kufanya hivyo, kwa sababu hawa ni watoto wao.

Lakini Kibiti, wilaya ya delta ileile, inatukumbusha kwamba wazo hilo halijitunzi lenyewe. Mwaka 2017 watu wa Kibiti, Mkuranga na Rufiji waliishi kwa hofu: viongozi wa vijiji waliuawa, Aprili 13 polisi wanane waliuawa kwa kuviziwa, na operesheni kali ikafuata. Mwanakijiji alijikuta tena kati ya wenye bunduki wa pande mbili, kila upande ukitaka ajue na aseme. Usalama ulirudi, na uliwahitaji wanavijiji ili urudi. Ujuzi wao unaotumika kwa hofu huisha siku hofu inapoisha. Ule unaotolewa kwa imani hudumu.

Kulipa deni

Mabaki ya Königsberg yamekatwa vipande na wauza vyuma na sehemu iliyobaki imemezwa na tope. Baadhi ya mizinga yake inatunzwa Pretoria na Mombasa. Mabaharia wa Pegasus wana makaburi yenye majina. Pretorius ana kitabu, Selous ana kaburi linalotembelewa na watalii, Lettow-Vorbeck ana rafu nzima za vitabu. Wapagazi na askari wana sanamu moja ya mwaka 1927 katikati ya Dar es Salaam. Watu wa delta hawana chochote.

Deni hili linaweza kulipwa, na gharama yake si kubwa. Makumbusho ya Taifa na halmashauri za Rufiji na Kibiti zinaweza kuwatuma vijana wenye vinasa sauti kwa wazee wa Salale, Mbwara, Mohoro na Nyamisati, kukusanya yale ambayo familia zilirithishana kuhusu manowari, kuni, mzigo na njaa. Vyuo vikuu vyetu vinaweza kupekua nyaraka za Wajerumani zilizohifadhiwa Dar es Salaam na kutafuta majina ya wapagazi na majumbe. Shule za Kibiti zinaweza kufundisha vita hivyo kwa kuanzia kwenye mkondo ambao mwanafunzi huvuka kwenda nyumbani, badala ya kuanzia Ulaya. Na bango la kudumu linaweza kusimama Salale, likieleza kwa Kiswahili, kabla ya lugha nyingine yoyote, kilichotokea na nani alikilipia.

Wanajeshi pia wana sababu ya kutaka hayo. Ofisa kijana anayefundishwa kuhusu Stirling na Clarke afundishwe na kuhusu mvuvi wa Kikunya aliyejua maji yatajaa saa ngapi. Atajifunza kwa mvuvi huyo jambo ambalo makamanda wengi wa vikosi maalumu walilijua wakalisahau: kwamba nchi ina wenyewe, na kwamba hakuna operesheni iliyo maalumu kiasi cha kutowahitaji.

Vita vya dunia vilikuja Rufiji bila kualikwa na kuondoka bila kuaga. Walioachwa nyuma waliendelea kupanda mpunga, kukata boriti na kupima bamvua kama mababu zao. Wajukuu wao wanapiga kura, wanalipa kodi na kupeleka watoto jeshini. Taifa linalowaomba utii na taarifa linawiwa kwanza kuwatambua, na kazi hiyo ianze sasa, wakati wapo bado wazee wanaokumbuka walichosimuliwa.